Msafiri, Mabepari au Watumwa: kitabu gani tusome na vijana wa kipaimara?

Mchungaji akikuambia, "Tunaomba utushikie hawa vijana Jumamosi mchana," usidhani umepewa kazi ya kuwakalisha tu. Umepewa watu kama ishirini, wa miaka 12 hadi 15, ambao asubuhi walikuwa darasani wakikariri Amri Kumi na maana zake, mchana wana njaa, na macho yao yapo uwanjani kwenye mpira. Nimeishika kazi hiyo katika usharika wetu kwa misimu kadhaa, kila msimu na kitabu chake. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye ameambiwa aanzishe kikundi kama hicho na hajui aanze na kipi.

Kwanza niseme kwa nini kitabu cha hadithi, maana wazee wa kanisa watakuuliza. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, ina swali zuri sana linalorudi kila baada ya amri: Maana yake ni nini? Tatizo ni kwamba jibu lake limeshakaa kitini kabla swali halijaingia mlangoni. Kijana analikariri, analitoa mbele ya usharika siku ya mtihani, anapongezwa, na safari imekwisha. Siidharau katekisimu, bila hiyo hakuna cha kuzungumzia. Lakini kuzungumza ni kazi nyingine, na watoto wetu hawajaizoea, kwa sababu wamelelewa wakijua kuwa mtoto hajibizani na mkubwa. Ukimuuliza kijana wa miaka 13, "Wewe unaonaje?", atakutazama usoni atafute unalotaka kusikia, kisha akupe hilohilo.

Hadithi inamwokoa hapo. Hajibizani na mimi, anajibizana na Shylock, mkopeshaji wa kwenye tamthilia ya Shakespeare. Hamhukumu mwalimu wala mama yake, anamhukumu mtu wa kitabuni asiyeweza kukasirika. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza cha kitabu si kama kina Ukristo mwingi ndani yake. Kipimo ni kama vijana wawili waaminifu wanaweza kukisoma wakatofautiana, na wote wawili wakawa na Biblia mkononi.

Kwa kipimo hicho nimevilinganisha vitabu vitatu: safari ya msafiri ya John Bunyan, Mabepari wa Venisi ya Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, na Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela.

Msafiri: rahisi kuanza, vigumu kubishania

Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria huko Bedford, Uingereza. Mwaka 1660 alifungwa kwa kuhubiri bila kibali, akakaa kifungoni miaka kumi na miwili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Waambie vijana habari hiyo kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mwandishi aliyelala jela anasikilizwa tofauti na mwandishi aliyelala kitandani.

Faida yake kubwa ni majina. Mkristo, Mwaminifu, Tumaini, Jitu Kata-tamaa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa namna hii ya kusimulia. Aliyewahi kukutana na Karama na Majivuno katika Kusadikika ya Shaaban Robert anajua kwamba jina la mtu ndiyo tabia yake. Watoto wa miaka 11 na 12 wanakipenda mara moja. Wanachora ramani: mji wa maangamizi, tope, msalaba ambapo mzigo unadondoka mgongoni, soko la ubatili, mto wa mwisho. Tuliichora kwenye karatasi za manila zilizounganishwa, ikajaa ukuta mzima wa chumba cha kwaya.

Ila majina hayohayo ndiyo yanayoua mazungumzo. Mtu akiitwa Ujinga, nani atamtetea? Mwandishi ameshatoa hukumu kwenye ubatizo. Wiki tatu mfululizo niliuliza maswali nikajibiwa kwa pamoja, kama wanaitikia bwana mwimbishaji. Kila mmoja alijua nani mwema na nani mbaya.

Kuna sehemu mbili tu ambapo ukuta huo una ufa, na ukikichagua kitabu hiki, kaa hapo. Ya kwanza ni mwanzoni kabisa. Mkristo anaukimbia mji wake, mkewe na watoto wanamlilia arudi, naye anaziba masikio kwa vidole na kukimbia akipiga kelele kwamba anatafuta uzima wa milele. Nikawauliza: alifanya sawa? Kimya. Kisha kijana mmoja, ambaye huwa hasemi, akasema, "Angewabeba." Mwenzake akamjibu kwamba aliwaambia kwanza, wakamwona amechanganyikiwa. "Basi angesubiri." Kundi likagawanyika. Nikawapa mistari miwili wasome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine: Luka 14:26, ambapo Yesu anazungumzia kumchukia baba, mama, mke na watoto kwa ajili yake, na 1 Timotheo 5:8, ambapo Paulo anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Sikuwapatanishia. Katika chumba kile wamo watoto ambao baba zao waliondoka, wengine kwenda kutafuta kazi, mmoja kwa sababu aliyoiita ya kiroho. Jumamosi ile hatukufika ukurasa wa tano. Bunyan mwenyewe inaonekana swali halikumwacha, kwa maana mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, ambamo mke na wana wanne wanaifuata njia ileile.

Ufa wa pili uko mwisho kabisa, pale Ujinga anapofika hadi mlangoni pa mji wa mbinguni, anaulizwa hati, hana, anafungwa mikono na miguu na kutupwa. Hapo vijana huwa wanakasirika kweli. Ametembea njia yote ile! Lakini kufika huko unahitaji uvumilivu, na kati ya ufa na ufa kuna kurasa nyingi za mahubiri. Zipo tafsiri za zamani na zipo zilizofupishwa. Kwa kikundi chukua iliyofupishwa bila kuona aibu.

Mabepari: kigumu kuingia, hakikuachi utoke

Sitaficha kwamba hiki ndicho ninachokipenda, kwa hiyo soma sehemu hii ukijua hivyo.

Nyerere alikitoa mwaka 1969, akiwa rais, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika Kiingereza jina la tamthilia linataja mfanyabiashara mmoja; yeye akaandika Mabepari, kwa wingi. Swali la kwanza la msimu tayari limo kwenye jalada: bepari ni nani humu? Vijana wote wananyoosha kidole kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Ikifika wiki ya tatu wameanza kumtazama Antonio, Mkristo mwenye merikebu zake baharini, na wiki ya tano Bassanio, anayekopa ili apate mke tajiri.

Kisa chenyewe hakihitaji maelezo mengi mtaani kwetu. Bassanio anahitaji dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Antonio anamdhamini. Shylock anakopesha bila riba, lakini anaandikisha kwamba pesa isipolipwa siku ile atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa Antonio. Niliposoma mpaka hapo, mtoto mmoja akasema, "Hii ni kausha damu." Wote wakacheka, maana mikopo ya kausha damu wanaijua, wamemwona mama mwenye genge akifungiwa vyombo vyake. Sikumwambia wakati ule kwamba ameigusa tamthilia nzima kwa neno moja. Mbele ya mahakama, Portia, yule mke tajiri wa Bassanio, aliyejivika nguo za mwanasheria, anamwambia Shylock achukue nyama yake, ila asimwage hata tone la damu, kwani damu haimo kwenye mkataba. Tulipofika hapo wiki nne baadaye, macho yote yalimgeukia yule mtoto.

Kabla ya hila hiyo Portia anatoa hotuba yake juu ya rehema: hailazimishwi, inashuka kama mvua kutoka mbinguni, inambariki anayeitoa na anayeipokea. Ukiiweka karibu na Yakobo 2:13 na mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo 18, una somo zuri la rehema ambalo mzee yeyote wa kanisa atalipitisha. Wengi huishia hapo. Usiishie hapo.

Endelea hadi hukumu. Shylock ameshindwa. Nusu ya mali yake inawekwa mikononi mwa Antonio, na sharti mojawapo la kuachiwa ni kwamba awe Mkristo. Waliomhubiria rehema isiyolazimishwa wanamlazimisha ubatizo, na wanauita huruma. Nilinyamaza. Binti wa darasa la saba akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwa hiyo amebatizwa siku hiyohiyo? Mbona sisi kipaimara tunafundishwa miaka miwili?"

Mvulana mmoja akamjibu kwamba Shylock alitaka kuua mtu, na kubatizwa si adhabu.

"Kama si adhabu, mbona wameiweka kwenye hukumu?"

Nimesikia mahubiri mengi juu ya neema. Sijui kama nimewahi kusikia swali lililokata namna ile. Karibu kila mmoja pale ana jirani Mwislamu, wengine wana shangazi na mabinamu Waislamu, na wote walianza kuligeuza: je, ingekuwa ni sisi tumeshindwa kesi, tukaambiwa tusilimu? Mazungumzo yaliendelea hadi mlinzi akaja kutikisa funguo.

Sasa ugumu wake, nao si mdogo. Nyerere ametafsiri kwa shairi, na Kiswahili chake kina maneno ambayo vijana hawayajui. Dawa ni kugawa nafasi na kusoma kwa sauti kama wanaigiza, hata wakikosea. Mtu akisimama na kusema maneno ya Shylock kwa hasira, maana inamfuata yenyewe. Kuna mahali pa kucheka pia: wachumba wa Portia wanachagua kati ya masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na nusu ya darasa langu walidhani hilo la tatu limejaa risasi za bunduki.

Ugumu wa pili ni mzito zaidi. Antonio, mtu mwema wa kisa, alimtemea Shylock mate na kumwita mbwa, na tamthilia kwa sehemu kubwa inamcheka Shylock kwa kuwa ni Myahudi. Lazima uwaambie vijana kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, kwamba Venisi iliwatengea mtaa wa kufungiwa mwaka 1516, kwamba chuki hiyo ilihubiriwa makanisani, na kwamba katika karne ya 20 mamilioni yao waliuawa huko Ulaya katika nchi zilizojaa wabatizwa. Na uwakumbushe kwamba Yesu, Mariamu na Paulo walikuwa Wayahudi. Utashangaa ni wangapi hawajawahi kuliwaza hilo. Kama huko tayari kuyasema haya, au unahofia kusema kwamba Wakristo walikosea, kiache kitabu hiki. Kikisomwa bila maelezo hayo kinafundisha dharau.

Watumwa: kiko nyumbani

Uhuru wa Watumwa ni kitabu chembamba, cha mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliotekwa, wakaokolewa na kuwekwa Freretown, makazi ambayo wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, waliyaanzisha karibu na Mombasa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Kiswahili chake ni cha kusimulia, hakina mapambo mengi, na mtoto wa darasa la sita anakisoma peke yake. Katika lugha kinavishinda vyote viwili.

Tena kinaweza kutembelewa. Mwenzangu aliye Mombasa atawapeleka vijana wake hadi kwenye ile kengele iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Wa Unguja watakwenda Mkunazini, ambako kanisa kuu la Anglikana lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wa Bagamoyo wanayo misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, iliyolea watumwa waliokombolewa. Hakuna mtaa wa Venisi unaoweza kushindana na hilo.

Lakini kama kitabu cha mazungumzo kilinishinda, na sehemu ya kosa ni langu. Mbotela anashukuru. Anawashukuru Waingereza na wamisionari kurasa kwa kurasa, na mtoto wa waliookolewa ana haki ya kushukuru. Kijana anayesoma leo naye anatikisa kichwa, na imeisha. Ili swali lifunguke, ilinibidi nilete habari za nje ya kitabu: kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa kabla ya kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, kwamba pale Rabai, karibu na Mombasa, William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, aliwapokea watoro waliokimbia mabwana zao, jambo lililowatia wasiwasi wakubwa. Yote ni kweli na yanafaa, ila mwisho nilijikuta nikihutubu nao wakiandika kwenye daftari. Nikawa mwalimu wa historia.

Kilichokiokoa ni waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni sura moja tu, unasomwa wote kwa dakika tatu. Onesimo mtumwa ametoroka. Paulo anamrudisha kwa bwana wake akiomba apokewe kama ndugu mpendwa. Kwa nini hakusema waziwazi, "Mwache huru"? Hapo walizungumza. Waliokuwa wanatetea Paulo walisema ukisema "ndugu" umeshasema yote. Waliompinga walisema ndugu anaweza kuendelea kufua nguo za ndugu yake bure. Na binti mmoja, ambaye nyumbani kwao wanaishi na ndugu wa mama aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi, akanyamaza ghafla. Sikumwuliza kitu.

Tahadhari moja: katika kitabu hiki mtesaji ni Mwarabu. Kwenye miji yetu ya pwani jambo hilo linaweza kugeuka haraka kuwa maneno juu ya majirani wa leo. Simama kwenye biashara yenyewe na waliofaidika nayo, wakiwemo wenyeji waliouza.

Basi uchukue kipi?

Kama vijana wako wengi ni wa miaka 11 au 12, au hawajawahi kukaa duara na kuzungumza, anza na Msafiri, wiki sita, na utumie nguvu zako zote kwenye zile nyufa mbili. Kama una nakala moja tu na watoto wanaosoma kwa shida, Watumwa, ukiwasomea mwenyewe, pamoja na Filemoni. Kama wamefika 13 na kuendelea, hata wakiwa kumi tu, Mabepari bila kusita. Kundi lenye Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste pamoja nalo nalipatia Mabepari, kwa sababu mashtaka yaliyomo yanatuhusu wote kwa usawa. Msafiri katika kundi la namna hiyo huamsha ubishi wa matendo na imani ambao hawajaiva kuubeba, wanarudia tu waliyosikia kwa wachungaji wao.

Kusadikika niliitaja juu. Si kitabu cha Kikristo na mwandishi wake alikuwa Mwislamu, lakini kesi ya Karama ikisomwa sambamba na Yesu mbele ya Pilato inafaa sana kwa msimu wa Kwaresima. Ni kitabu chako cha akiba.

Kuhusu namna ya kuendesha, mambo machache yamenifaa kuliko mengine. Viti viwe duara, na mimi nisikae karibu na dirisha ambapo wote wananitazama. Anayesema amtazame mwenzake. Nikishauliza, nahesabu kimyakimya hadi kumi na tano. Kimya kinatisha zaidi mwalimu kuliko mwanafunzi. Hakuna kufunga mjadala kwa mstari wa Biblia; mstari ukitajwa, mwingine ana ruhusa ya kutaja mwingine. Na siulizi swali ambalo jibu lake ninalo. Hili la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kulizoea, kwani vijana wanaijua sauti ya swali la mtihani kwa mbali.

Shikamoo yao bado naipokea wanapoingia. Kuzungumza kwa uhuru hakujawafanya wakose adabu, ingawa mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba binti yake sasa anauliza "kwa nini" mezani. Nilimwomba radhi, nikamkaribisha Jumamosi inayofuata. Alikuja, akakaa pembeni, na katikati ya kesi ya Shylock akanyoosha mkono.

Ukichagua Mabepari, jambo moja la mpangilio: siku ya mahakama, funga kitabu Shylock akiwa ananoa kisu. Usisome mstari unaofuata. Ombeni, waende nyumbani. Mara ya kwanza nilifanya hivyo kwa sababu muda ulikuwa umeisha tu. Jumatano usiku ikaingia meseji kutoka namba ya mama mmoja wa usharika. Nikaifungua nikidhani kuna msiba. Alikuwa mwanawe, kaazima simu: "Shikamoo mwalimu. Samahani. Alimkata?"